Tupeane uzoefu: msaada uliojificha ndani ya kompyuta ambao uliokoa kazi yako

Mchapaji wa Moro (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na chuo. Kazi zangu ni zile mnazozijua: kuchapa, kudurufu, kuprinti, kujaza fomu za mtandaoni kwa wanafunzi na kwa wazee wanaofuatilia mafao yao. Mwaka juzi niliteleza kwenye ngazi zenye maji nikaangukia mkono wa kulia. Hospitali wakanifunga hogo kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, wakasema wiki sita.

Ilikuwa ni msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi, na kwetu huo ndio msimu wa mavuno. Nisipofanya kazi miezi hiyo, pango la fremu silipati. Nikafungua duka na mkono mmoja.

Jaribuni kuchapa kwa mkono wa kushoto peke yake ndipo mtanielewa. Herufi moja moja unazipata. Shida inaanza pale unapotakiwa kushika vitufe viwili au vitatu kwa mpigo. Ctrl iko huku, P iko kule. Nilikuwa nabana Ctrl kwa kidole gumba na kunyoosha kidole kidogo hadi mkono mzima unakakamaa. Siku ya tatu mkono mzima nao ukaanza kuuma.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili alikuja kuprinti, akanikuta nahangaika. Akaniomba ruhusa, akabonyeza Shift mara tano mfululizo. Pakatokea kile kidirisha chenye mlio ambacho miaka yote kikinitokea nakifunga haraka nikidhani ni usumbufu. Kinaitwa Sticky Keys. Akaniambia, "Dada, bonyeza Ndiyo." Tangu hapo nabonyeza Ctrl, naiachia, halafu kwa wakati wangu nabonyeza P, na kompyuta inaelewa kwamba nimezishika pamoja. Shift ukiigusa mara moja inakaa kwa herufi moja tu inayofuata. Ukiigusa mara mbili inajifunga mpaka uiguse tena.

Mausi nayo nilikuwa naisukuma kwa kushoto kama mtoto anayejifunza. Kijana akanionyesha nyingine: bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, halafu zile namba za pembeni mwa kibodi zinageuka mausi. 8 inapandisha mshale, 2 inaushusha, 4 kushoto, 6 kulia, na 5 ndiyo kubofya. Polepole, ndiyo, lakini mkono hautoki mahali pake.

Wiki sita zikaisha, hogo likatolewa, na mambo haya sikuyaacha. Mausi ya dukani ikifa katikati ya fomu ya mtu, simfukuzi mteja.

Nimekaa nikajiuliza: miaka kumi na moja niko mbele ya kompyuta, vitu hivi vilikuwa humo ndani, na hakuna aliyeniambia. Kozi ya kompyuta niliyolipia haikugusa hata kimoja. Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Kama kuna kitufe, mpangilio au njia ya mkato iliyokuokoa, tuambie ilikuwaje. Andika jina la kitufe kama lilivyo kwenye kibodi ili mtu ajaribu hapo hapo. Na wenye ulemavu karibuni sana, kwa sababu nimegundua sisi wengine tunaokota tu kutoka kwenye mambo yaliyotengenezwa kwa ajili yenu.

Mama Pacha

Dada Mchapaji, pole na hongera. Mimi yangu ni fupi. Nilirudi kazini wakati pacha wangu wana miezi minne, nikawa namalizia ripoti usiku nyumbani. Mmoja analala, mwingine hataki kuwekwa chini hata kidogo. Mkono mmoja mtoto, mmoja kibodi. Hiyo ya Shift mara tano ndiyo iliyonivusha.

Ila kuna kitu kilinisumbua: ilikuwa inajizima yenyewe kila nikigusa vitufe viwili pamoja kwa bahati mbaya. Ukiingia kwenye mipangilio yake (kitufe cha Windows, kile chenye alama ya dirisha, + U inakupeleka moja kwa moja, kisha tafuta sehemu ya kibodi) kuna alama ya tiki ya kuizima ikishikwa vitufe viwili kwa mpigo. Iondoe hiyo tiki. Itatulia.

Fundi wa Gerezani

Wakuu, mimi ni fundi wa kompyuta Kariakoo. Niwape upande wa pili wa shilingi, kwa sababu mambo haya haya watu yanawaliza pesa.

Mteja alikuja na laptopu, analalamika kibodi imekufa. Alishakwenda kwa fundi mwingine, akabadilishiwa kibodi kwa hela nyingi, wiki mbili baadaye tatizo likarudi. Nikagusa herufi, haitoki. Nikaishikilia kama sekunde moja hivi, ikatoka. Hapo hapo nikajua. Kibodi ilikuwa nzima, na naamini hata ile ya kwanza ilikuwa nzima. Ukishikilia Shift ya kulia sekunde nane, kompyuta inakuuliza kama unataka Filter Keys, na ukigusa Enter bila kusoma umeshaiwasha. Kazi yake ni kupuuza mguso mfupi. Sasa yule mteja ana tabia ya kuegemeza kiganja upande wa kulia anaposoma. Nikaizima, nikamwonyesha, sikumtoza kitu.

Nyingine zinazoletwa kwangu kama ugonjwa:

Kompyuta inasema maneno yenyewe kila ukigusa kitu. Hiyo ni Narrator, imewashwa kwa Windows + Ctrl + Enter. Bonyeza hivyo hivyo tena, itanyamaza.

Skrini imekuwa kubwa mno, unaona kipande tu na kinakimbia na mausi. Hiyo ni Magnifier. Windows + Esc.

Rangi zote zimegeuka nyeusi. Alt ya kushoto + Shift ya kushoto + Print Screen, rudia hivyo hivyo.

Kwenye laptopu ndogo, ukiandika herufi zinatoka namba. Num Lock imewaka. Izime.

Kabla hujaleta mashine kwangu au kwa fundi yeyote, jaribu hayo kwanza. Nasema hivi nikijua napunguza wateja, lakini inaniuma mtu kulipia kibodi ambayo haikuharibika.

Mchapaji wa Moro

Fundi, Mungu akubariki. Hiyo ya herufi kugeuka namba imenitokea na nilikuwa nazima na kuwasha mashine nzima.

Ngozi Nyeupe Mwanza

Nimesoma mwaliko wa dada nikaona nisipite kimya. Mimi ni mtu mwenye ualbino, afisa kwenye ofisi moja ya umma Kanda ya Ziwa. Wengi wanajua habari za ngozi na jua. Wachache wanajua habari za macho. Karibu sote tuna uoni hafifu, na miwani haiurudishi wote. Macho yangu yanachezacheza yenyewe, na mwanga mkali unaniumiza. Shuleni nilikuwa nakaa dawati la mbele kabisa na bado ubao siuoni, nanakili kwenye daftari la jirani baada ya kipindi.

Nilipopata ajira nikapewa kompyuta kama wenzangu. Nikawa nasoma pua ikiwa imegusa kioo. Saa nane mchana shingo imekaza, kichwa kinagonga, macho yanatoa machozi. Mkuu wangu wa wakati huo akapita nyuma yangu, akasema mbele ya watu kwamba kazi ya namba labda hainifai. Sikumjibu. Nilikwenda msalani nikakaa muda.

Aliyenisaidia ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyeletwa kitengo chetu kwa miezi miwili. Alibonyeza Windows na alama ya kujumlisha. Skrini ikakua. Akabonyeza tena, ikakua tena. Nilirudi nyuma kwenye kiti, mgongo ukagusa egemeo, na bado nasoma. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na sikuwahi kusoma kompyuta nikiwa nimekaa wima.

Sasa niwape yale niliyojifunza mwenyewe tangu hapo, maana kuwasha tu hakutoshi.

Hatua ya ukuzaji inakuja ikiwa kubwa mno, inaruka kwa asilimia 100 kila mguso. Ingia mipangilio uishushe mpaka 25, au hata 10, ndipo utapata kimo chako. Mimi wangu ni 175 asubuhi na 225 jioni macho yakishachoka.

Kuna namna tatu. Ctrl + Alt + F inakuza skrini nzima. Ctrl + Alt + L inakupa kioo cha mstatili kinachotembea na mausi, kama lenzi unayoishika mkononi. Ctrl + Alt + D inakata sehemu ya juu ya skrini na kuifanya dirisha la ukuzaji, huku chini kazi ikibaki na ukubwa wake. Kwa majedwali ya hesabu hii ya tatu ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu naona namba ikiwa kubwa juu na bado najua niko safu gani kule chini. Ukikuza skrini nzima kwenye jedwali unapotea kama mtu aliyeingia shamba la mahindi.

Ctrl + Alt + I inageuza rangi, karatasi nyeupe inakuwa nyeusi na maandishi yanakuwa meupe. Kwa macho kama yangu hii ni dawa. Mwanga mweupe wa Word mchana kutwa ndio uliokuwa unanitoa machozi.

Na kama unachohitaji ni herufi kubwa tu bila skrini kutembea, kuna kipimo cha ukubwa wa maandishi kwenye Windows 10 na 11, kinakwenda hadi asilimia 225. Anza na hicho. Mausi pia unaweza kuikuza na kuipa rangi. Yangu ni kubwa na ya njano, wenzangu wanaiita ndizi.

Siku hizi mahesabu ya robo mwaka ya kitengo yanapitia kwangu kabla ya kwenda juu. Wazazi wenye watoto wenye ualbino mlioko humu: msisubiri mtoto afike kazini. Windows na kujumlisha. Mwonyesheni leo.

Mchapaji wa Moro

Kaka yangu, nimesoma nikisimama. Kuna binti mwenye ualbino anakuja hapa dukani kutafuta notisi. Akija tena namwekea.

Mgeni Kidogo

Samahani wakuu, laptopu yangu haina zile namba za pembeni. Hiyo ya kugeuza namba kuwa mausi nafanyaje?

Fundi wa Gerezani

Mdogo wangu, hapo ni ngumu. Kibodi ya nje yenye namba za pembeni, ya waya, inatatua, na iliyotumika haiwi ghali. Lakini mausi ikigoma huihitaji hata hiyo. Tab inakupeleka mbele kisanduku kwa kisanduku, Shift + Tab inakurudisha. Space inaweka tiki. Alt + mshale wa chini inafungua orodha ya kuchagua. Shift + F10 ni sawa na kubofya kulia. Kwenye Word na Excel gusa Alt peke yake, uiachie: herufi ndogo zitajitokeza juu ya kila kitu pale juu, unafuata herufi. Fomu nzima ya kurasa tano naijaza bila kugusa mausi, na ukishazoea utakuwa mwepesi kuliko mwenye mausi.

Mhariri wa Usiku

Mimi nahariri miswada ya Kiswahili. Vitabu vya kiada, vipeperushi vya afya, ripoti. Miaka kumi na tisa. Nataka kusema juu ya masikio.

Mhariri akishasoma andiko mara ya tatu, macho yanaacha kusoma yanaanza kukumbuka. Yanaona kinachotakiwa kuwepo. Na Kiswahili chetu kina mtego wake, silabi moja inabeba maana nzima. Nilikuwa na kipeperushi cha akina mama wanaonyonyesha. Nimekipitia mara nne, mwandishi amekipitia, msanifu amekipitia. Kesho yake kinakwenda mtamboni. Usiku ule nikakifungua kwenye Microsoft Edge, nikabonyeza Ctrl + Shift + U nikisomewe, mimi huku nakunja nguo. Sauti ikasoma: "Umpe mtoto maji kabla ya kutimiza miezi sita."

Nikaacha nguo. Ilitakiwa kuwa "usimpe". Silabi "si" ilipotea mahali fulani njiani na watu watatu wasomi hatukuiona. Sikio liliiona, kwa sababu sikio halina kumbukumbu ya jinsi sentensi ilivyokuwa. Linapokea kilichopo.

Tangu siku hiyo hakuna kazi inayotoka kwangu bila kusikilizwa. Edge ina sauti za Kiswahili zinazotamka vizuri kabisa. Za Tanzania ni Rehema na Daudi, za Kenya ni Zuri na Rafiki. Mimi namtumia Rehema, kasi naipunguza kidogo. Makosa yanayonaswa zaidi ni neno lililoandikwa mara mbili, upatanisho uliovurugika kama "vitabu zote", na sentensi ndefu mno. Sauti ikifika katikati na wewe umeshasahau ilianzaje, ikate.

Word nayo inasoma, Ctrl + Alt + Space. Angalizo moja kubwa: hizo sauti nzuri zinahitaji intaneti, maana yake maandishi yanatoka nje ya mashine yako. Andiko la siri la mteja, barua ya mahakama, majibu ya mgonjwa, usiyapitishe huko. Hayo nayasoma mwenyewe kwa sauti, mlango umefungwa.

Mwalimu Giza na Nuru

Shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, sioni kabisa tangu nikiwa na miaka sita. Uzi huu nausoma kwa masikio na naujibu kwa kibodi ile ile yenu.

Nilisoma kwa nukta nundu. Mashine yetu ilikuwa Perkins, ile nzito ya chuma yenye vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi, darasa zima mnazipiga mnasikika kama mvua kwenye bati. Kompyuta niliigusa nikiwa chuoni. Mwenzangu aliyetangulia aliniwekea NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo ni ya bure. Aliianzisha Mwaustralia Michael Curran mwaka 2006, akaungana na mwenzake James Teh, na wote wawili hawaoni. Naona ni vizuri kuwataja. Ina sauti ya Kiswahili ndani yake, sauti ya bati kidogo, lakini inasoma Kiswahili kama Kiswahili.

Sasa kwa nini nazungumzia kitu ambacho hakiji na kompyuta? Kwa sababu nilipopangiwa kituo, kompyuta ya ofisi ilikuwa imefungwa, huwezi kuingiza programu bila nywila ya mtu wa wilayani. Nikaomba. Nikaandika barua. Muhula mzima ukapita. Alama za wanafunzi wangu zilikuwa zinaingizwa na mwalimu mwenzangu, mimi namtajia yeye anaandika, na mara mbili alikosea. Hakukusudia. Lakini jina kwenye karatasi ni langu.

Nikakumbuka Narrator. Zamani tulikuwa tunaidharau, ilikuwa haifai kitu. Nikabonyeza Windows + Ctrl + Enter kwenye kompyuta ile ile iliyofungwa, nayo ikaanza kusema. Haikuuliza nywila ya mtu. Sauti iliyokuwemo ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo majina ya watoto yalikuwa yanatoka yamepinda, neno "mimi" linatoka kama "maimai". Nilijifunza masikio yangu kuyanyoosha. Alama za muhula wa pili niliziingiza mwenyewe, wanafunzi mia na arobaini na tatu, hakuna aliyelalamika.

Kwa anayetaka kujaribu: Caps Lock + Space inawasha hali ya kutalii ukurasa. Hapo H inakurusha kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, T kwenye jedwali. Hata wewe unayeona, fumba macho ujaribu kwa dakika tano kwenye ukurasa unaoupenda. Utajua mara moja aliyeutengeneza alikufikiria au hakukufikiria.

Ombi langu kwenu wachapaji na makarani. Mnapoandika kichwa cha habari kwenye Word, msikoleze tu wino na kukuza herufi. Kwangu huo ni mstari wa kawaida kama mingine. Bonyezeni Ctrl + Alt + 1 kwa kichwa kikuu, Ctrl + Alt + 2 kwa kidogo. Ni sekunde moja. Kwangu waraka wa kurasa sitini unakuwa na milango. Na ninyi mnafaidika, orodha ya yaliyomo inajitengeneza yenyewe.

La pili, barua zinazopigwa picha kwa simu na kurushwa kwenye kundi la walimu. Kwangu ile ni karatasi tupu. Nikiifungua kwenye kompyuta yenye NVDA nabonyeza Insert + R, inajaribu kutambua maandishi ndani ya picha, na picha ikiwa imepinda au ina kivuli cha mkono haiambulii kitu. Nimewahi kukosa kikao kwa sababu hiyo. Tumeni faili lenyewe.

Mchapaji wa Moro

Marahaba Mwalimu, yaani shikamoo wewe. Nimechapa tasnifu za watu miaka yote hii kwa kukoleza wino tu. Nimejaribu Ctrl + Alt + 1 sasa hivi. Orodha ya yaliyomo niliyokuwa nachapa kwa mkono, nikihesabu kurasa moja moja, imejipanga kwa mibofyo miwili.

Chepkazi Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mahojiano na kuziandika. Mwaka jana vidole vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi, usiku naamka nikiukung'uta mkono. Daktari akasema ni mshipa wa fahamu unaobanwa pale kwenye kifundo cha mkono, nipumzishe. Na kodi ya nyumba je?

Rafiki akanionyesha kuandika kwa sauti kwenye Google Docs. Unaifungua kwa Chrome, Ctrl + Shift + S, unachagua lugha. Kiswahili kipo, cha Kenya na cha Tanzania. Siichezei ile rekodi moja kwa moja, inachanganyikiwa. Navaa vipokea sauti, nasikiliza sentensi, naisimamisha, halafu naisema mimi kwa sauti yangu, polepole na wazi. Alama za uandishi naziweka mwisho. Sheng hainasi, vijana wa Nairobi wakianza naandika kwa mkono.

Nusu ya kazi sasa inafanywa na mdomo. Ganzi imepungua sana. Kwa Kiingereza natumia Windows + H, inafungua popote penye nafasi ya kuandika.

Mswahili wa Maskati

Assalaam aleikum. Mie nipo Maskati, naandika Kiswahili na Kiarabu kutwa. Windows + Space inabadilisha lugha ya kibodi. Na ukitaka mstari uanzie kulia, Ctrl na Shift za upande wa kulia. Uanzie kushoto, za upande wa kushoto. Zamani nilikuwa naanza waraka upya kila nukta ikirukia upande usio wake. Hilo tu.

Mhasibu Mtulivu

Mimi siumwi wala sina ulemavu, ila nalipia bili za ofisi, na kila malipo yana kontro namba yake. Nilikuwa nakopi moja, napesti, narudi, nakopi nyingine, siku nzima. Windows + V. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe. Baada ya hapo inatunza vitu 25 vya mwisho ulivyokopi, unachagua. Nakopi namba zote kumi kwa mkupuo, halafu nahamia upande wa malipo nikizishusha.

Kwenye Excel: Ctrl + ; tarehe ya leo, Alt + = jumla, Ctrl + D kushusha fomula. Hayo matatu yananitosha.

Mhariri wa Usiku

Mhasibu, ongeza tahadhari hapo. Inatunza na nywila ulizokopi. Kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi ni hatari.

Mchapaji wa Moro

Hili nimelishika. Wateja wangu wananipa nywila zao za akaunti kila siku. Tangu sasa mteja akiondoka nafungua Windows + V, nafuta zote.

Na kwa wachapaji wenzangu, ya mwisho niliyoipata mwezi uliopita: shikilia Num Lock sekunde tano, inawaka Toggle Keys. Kila ukigusa Caps Lock inalia mlio. Sisi tunaochapa macho yako kwenye karatasi ya mteja, siyo kwenye kioo, unainua kichwa unakuta aya nzima imeandikwa kwa herufi kubwa. Sasa nasikia mlio, najirudi hapo hapo.

Kijana wa Mzee

Wakuu, nimefuatilia tangu juu. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaandika historia ya ukoo wetu, ameshafika babu wa nne. Lakini mikono inatetemeka siku hizi. Akigusa "a" inatoka "aaa", akigusa "k" anagusa na "l". Anafuta zaidi ya anavyoandika. Ameanza kusema aache, nimwandikie mimi. Sitaki aache. Kuna kitu?

Fundi wa Gerezani

Kipo, na ni kile kile nilichokuwa nakisema vibaya pale juu. Filter Keys. Kwa mzee wako haitakuwa ugonjwa.

Windows + U, ingia kibodi, washa Filter Keys. Ndani yake kuna cha kupuuza miguso inayojirudia haraka, kiweke nusu sekunde kwanza. Hiyo itamaliza "aaa", ingawa neno kama "kaa" atalazimika kungoja kidogo kati ya "a" na "a". Kama bado anagusa vitufe vya jirani bila kutaka, jaribu kile cha kutaka kitufe kishikiliwe kabla hakijaandika, muda mfupi kabisa. Kaa naye, badilisha kidogo kidogo, muulize yeye. Usimwekee ukaondoka. Na zima ile ya kushikilia Shift sekunde nane, asije akaizima bila kujua.

Kijana wa Mzee

Fundi, asante. Nimekaa naye jana jioni. Cha kushikilia kilimkera tukakiacha. Cha miguso inayojirudia tumekiweka nusu sekunde. Leo asubuhi kabla sijaenda kazini ameniita nione: kurasa mbili, kaandika mwenyewe. Ameshafika kwa babu wa tano, anataka nimtafutie jinsi ya kuweka picha.